Viti Arobaini

Dada yangu Raili hajui kuomba.
Kwetu hata chumvi ikituishia
tunakula mboga chapwa, tunanyamaza.
Ndiyo maana akaamua kukimbia.

Alianzia Nuorgam, juu kabisa ya Ufini,
pale ramani inapoishiwa wino,
mwezi Juni, saa sita ya usiku,
jua likimkodolea macho
kama mgeni asiyejua kuaga.
Umri hamsini na nane. Kazi, mpishi wa shule.
Mgongoni kaandika kwa rangi iliyobaki ya mlango wa ghala:
VITI AROBAINI.
Nyuma yake mimi, Tauno, na kigari cha kuazima
kinachonuka mkate mweusi,
gia ya kwanza, kopo la michango likigongagonga miguuni.
Miaka sita tulikuwa hatusemezani.
Sababu ni boti ya baba. Tuiache.

Viti gani? watu waliuliza.
Akawaonyesha kwa mikono:
mchana kiti cha kawaida, usiku kinafunguka,
mzazi anajinyoosha kando ya kitanda cha mtoto.
Kule Oulu, wodi ya watoto, ghorofa ya tatu,
alilala sakafuni usiku kumi na moja,
koti godoro, mkoba mto,
na kila alfajiri mfagiaji alimruka kwa adabu
kama anavyorukwa paka.
Mtoto alipona. Sasa ni mrefu, anauza matairi Tampere,
hapigi simu.
Raili hakimbii kwa ajili ya msiba.
Anakimbia kwa ajili ya sakafu.

Siku ya tisa mbu walimla masikio.
Siku ya kumi na nne lori la magogo lilimpita karibu mno,
upepo wake ukamkalisha mtaroni.
Dereva akarudi kwa miguu, akavua kofia, akatoa noti tatu,
akaziweka koponi kama anayeweka mayai.
Wengine walitoa chenji, samaki wa moshi, ahadi.
Bibi mmoja wa Pudasjärvi alitoa soksi,
akasema, hizi haziuziki, zivae.
Na kijana kwenye kituo cha mafuta aliuliza,
"Kwa nini usichangishe tu, ukakaa nyumbani?"
Dada alifikiri, akafunga kamba za viatu mara mbili.
"Mtu akiniona nimekaa," alisema,
"ataona nina pa kukaa."

Goti lilimgomea kabla ya Jyväskylä.
Kilomita nzima sikusikia unyayo wa kushoto,
wa kulia tu, na kijiti kikikwaruza lami.
Nikashusha kioo. Nikasema neno langu la kwanza
lisilohusu maji wala njia:
"Boti nitaiuza."
Hakugeuka. "Usiuze. Ina matundu. Utamtapeli mtu."
Tukacheka, yeye barabarani, mimi ndani,
kila mmoja akitazama mbele.

Hanko tulifika siku ya arobaini na moja, mvua inanyesha,
watu saba, mbwa mmoja,
mwandishi wa gazeti aliyesahau kalamu.
Bahari ilikuwapo. Hakuitazama sana.
Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa
tukahesabu kwa vidole vilivyokufa ganzi:
viti thelathini na kimoja,
na mguu mmoja wa kiti cha thelathini na mbili.
"Haijafika," alisema.
Akauliza njia ya mashariki ina urefu gani.

Februari nilimpeleka Oulu, goti likapigwe picha.
Jioni tukapanda ghorofa ya tatu bila kualikwa.
Chumba cha pili, baba mmoja kalala kitini,
mdomo wazi, buti miguuni,
mkono umepenya kwenye vyuma vya kitanda
umeshikwa kidole.
Raili alisimama mlangoni. Hakusema lolote juu ya kiti.
Aliinama, goti likalia kama bawaba,
akamvua buti, moja, kisha ya pili,
akazipanga sakafuni,
pale pale alipokuwa akilala yeye.